Vigingi vya Kaka Elia

Mdogo wangu Aika,

Hapa Mwika ni ukungu mtupu. Mlima umejificha kama mbunge baada ya uchaguzi. Kaka yetu Elia, mkombozi wa utalii, amepiga vigingi katikati ya bustani ya dawa ya Mama, ajenge vijumba vya watalii. "Si majani tu haya?" anasema, huku akinywa chai ya majani hayohayo kutuliza tumbo.

Jana akamleta mteja wake, mzee wa Kihindi, aje asifie kiwanja. Kumbe mzee anafundisha chuo cha tiba ya asili kwao India! Akatusimulia kuwa wakoloni waliidharau tiba yao, waganga wakachanga fedha wakajenga chuo, ili ujuzi usife na matapeli wakutane na mtihani.

"Na bustanini kwetu," akasema, "kila mmea una kigingi chenye jina lake."

Mama akamgeukia Elia. "Kumbe ulikuwa unanisaidia, baba! Haya, lete rangi, uandike."

Ameandika vigingi vyote, Mama akimsahihisha.

Nakuombea afya huko Dodoma. Tumbo likikusumbua, mpigie kaka yako. Sasa anajua kila dawa iko kigingi gani.

Dada yako mgomvi,
Ndeshi