Viatu Vikubwa vya Kaveke

Kitui, 9 Machi 2024

Mwaitu,

Nisamehe, mama, kwa kukaa wiki tatu bila kukuandikia. Kalamu ilikuwa, nguvu ndiyo haikuwa. Mgongo wako umekuachilia? Mimi mzima, ila usingizi wa hii wodi ya watoto si usingizi. Barua anakuletea Mulei dereva, maana kwa simu ni "sikusikii" mpaka salio linaisha.

Mjukuu wako Kaveke, uliyempa jina, hakuwa amenenepa. Yalikuwa maji. Daktari amenieleza mara mbili, nami nikamrudishia aone kama nimeshika. Figo huchuja damu. Za Kaveke zinaachilia protini inatoka na mkojo, ndiyo lile povu kwenye kopo. Protini ikipungua, maji yanatoka kwa damu na kuingia mwilini: asubuhi machoni, jioni miguuni, mwisho tumbo.

Kwa hivyo akirudi huko asikandwe uvimbe na mtu. Isyo yake, mahindi na maharagwe, ipikwe bila chumvi. Vidonge visikose hata siku moja. Mashavu yatakuwa mviringo na atakula kama mtu ametoka kuchimba matuta. Hiyo ni dawa, si ugonjwa. Ukimwachisha ghafla atadhurika. Niambie kama utaweza. Kama huwezi, nitaacha kazi nikae naye.

Mke wa mwanao,
Kavindu

Kathonzweni, 17 Machi 2024

Kavindu mwanangu,

Salamu zimefika. Mgongo uko palepale, mbuzi amezaa. Kivuva wa jirani alinisomea barua, halafu nikajisomea polepole.

Kina mama wa kanisa walikuwa wakinisifu. "Kaveke analishwa na nyanya yake, hebu ona mashavu." Nami nikainua shingo. Viatu vilipombana nikasema amekua, nikamnunulia vikubwa. Kumbe nilikuwa navalisha ugonjwa viatu.

Usinifiche: ni chumvi yangu ilimfanya hivi?

Vidonge nitaweza. Isyo bila chumvi nimekula wiki nzima, nijue nitampa nini. Ni mbaya. Lakini imeshuka.

Susu wa Kaveke

Kitui, 6 Aprili 2024

Mwaitu,

Hatujambo, na Kaveke anauliza kama mtoto wa mbuzi ana jina.

Si chumvi yako. Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Chumvi inazuia tu maji yasitoke. Hata mimi nilipiga picha yale mashavu nikamtumia mwanao Nzioka, nikijivuna.

Povu limeisha. Amekojoa yale maji mpaka amepungua kilo tatu. Lakini huu ugonjwa hupenda kurudi. Kila asubuhi utachovya kwa mkojo kikaratasi cha kupima protini nitakachokuletea. Kikigeuka kijani siku tatu zikifuatana, au akipata homa, unanipigia siku hiyohiyo. Usingoje maombi ya Jumapili. Omba ukiwa njiani.

Jumamosi ijayo tunakuja. Kabla ya hapo mpe Mulei: sweta yake nyekundu, leso yangu moja, ndimu za pale nyuma ya jikoni, maana akikamuliwa anakula bila kuuliza chumvi, na vile viatu vyake vya zamani, vidogo. Hivi vikubwa vinamtoka akitembea.

Kavindu wako