Mvua ya Kwetu na Mvua ya Hapa

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Mwaka wa ishirini na saba tangu tuvuke mpaka wa Kikagate.

Ndugu Byamungu,

Tangu tukuzike, hakuna anayebishana nami. Vijana nikiwatajia tabianchi wanasema ndiyo, ndiyo, kisha wanarudi kwenye simu zao. Wewe hukuniachia hata sentensi moja ipite.

Nilikuletea magazeti ya Kifaransa kutoka Mbarara, ukayasoma yote kabla ya kuyakataa. "Bazungu benyewe ndio balichoma mafuta," ulisema, "leo banatuambia sisi tuache makala, mkaa wetu wa kupikia." Hapo ulisema kweli, nami nilikubali. Lakini kujua nani alaumiwe si kujua mvua inafanya nini. Juu ya mvua ulishikilia neno moja: haijabadilika, ila sisi tuko ugenini. "Ya hapa haitujui, ndugu. Kule kwetu Fizi ingali inakuja siku yake." Hata kitandani, hospitali ya Ruharo, pumzi ikiwa fupi, ulilirudia, mpaka muuguzi akakuomba upumzike.

Ndiyo maana kila mwaka ulipanda mstari mmoja wa maharagwe tuliyotoka nayo nyumbani Kongo, kwa mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa, kama baba zetu, ili mbegu isisahau kalenda yake mpaka siku ya kurudi. Mwaka jana, ukiwa umelazwa, mke wako Mama Furaha alikupandia kwa mvua hiyohiyo. Ikanyesha kidogo, jua likashika. Mstari ulikauka. Zilibaki mbegu za kujaza kiganja, ndani ya majivu, kwenye kibuyu.

Mwaka huu ilipoanza kunyesha, mke wako alinijia na kibuyu mkononi. Redio ilisema tungoje. Wewe ulimwachia neno la kupanda. Akauliza afuate lipi, maana zikifa hizi, mbegu ya kwetu imekwisha. Sikutaka kukushinda ukiwa kaburini. Nikampigia mpwa wako Bahati, aliyebaki Fizi, nikawasha spika ili mama asikie mwenyewe.

"Hata huku, papa, mvua ya kwanza tuliacha kuiamini," alisema. "Inadanganya. Siku hizi tunangoja ya pili. Na ile fasi yenu ya kulima pembeni ya muto, maji ilibeba."

Mama Furaha hakulia. Alifunga kibuyu chake, akaenda kungoja.

Najua ungenijibu nini: simu moja si elimu, msimu mmoja si ushahidi. Ni kweli. Wanaojua ni wale wanaopima kwa miaka mingi, na hata wao hubishana zaidi juu ya mvua ya pande zetu kuliko wanavyobishana juu ya joto la dunia. Lakini siku ile nilielewa ulikuwa unalinda nini. Ulitaka kubaki na mahali pamoja ambako mambo yamekaa kama tulivyoyaacha. Nami, pamoja na magazeti yangu yote, nilitamani ushinde.

Maharagwe aliyopanda kwa mvua ya pili yametoa maua wiki hii, yaleyale ya zambarau. Tukivuna, nitamsaidia mama kurudisha mbegu kwenye majivu, na kila mwaka tutapanda kwa siku inayofaa hapa. Hilo nakuahidi.

Lala, ndugu yangu. Mbegu haingoji safari tena. Mimi sitarudi Fizi.