Mlango Uliofunguka Kwenye Maombi

Gitega, Jumanne

Kwako Kaka Baguma,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe, namsalimu mama, nawasalimu na wote wa hapo Muyinga wanaoniulizia. Kifua cha mama kikoje kwenye baridi hii? Bado anapumzika njiani akipanda toka kisimani? Mi niko mzima wa mwili. Hapa dukani kwa mzee Rehmtulla kazi iko, mabati na misumari vinatoka, na kompyuta zake naziangalia kama kawaida. Kichwa tu ndicho hakijatulia, na sababu utaisikia.

Unaijua ile kompyuta ya zamani ambayo mzee alilizawadia kanisa letu, iko hapa dukani na huko mnaifikia kwa mtandao. Ndani yake niliweka programu mbili, kila moja kwenye kontena yake, yaani kama chumba chake ndani ya mashine, zisigombane: moja ya nyimbo za kwaya, nyingine ya maombi, ile ambayo mtu anaandika haja yake bila jina na waombezi peke yao wanaisoma. Zamani kila moja ilikuwa na namba yake ya kuingilia, na watu wa huko Muyinga walizichanganya kila siku. Mchungaji akaniomba niwarahisishie. Bon, nikaweka proksi mbele ya zote mbili. Hiyo ni kama mlinzi wa getini: mtu anataja jina, nyimbo au maombi, yeye anampeleka kwenye kontena inayohusika. Nilijisifu kweli, nisikufiche.

Jumapili, katikati ya ibada yenu, Lucia akanipigia simu. Unajua sauti ya Lucia, muuguzi na kiongozi wa kwaya, mtu wa kusikika hadi barabarani. Siku hiyo alinong'ona. Akaniuliza nimefanya nini. Alifungua nyimbo kwenye projekta ili watu waone maneno, na ukutani yakatokea maombi ya watu. Nikamwambia achomoe waya. Akasema ameshachomoa, lakini watu wameshasoma. Mama naye alimuuliza jirani yake pameandikwa nini. Akajibiwa kwamba mashine imeharibika, naye akaendelea kuimba, maana wimbo anaujua kwa moyo.

Kosa nililiona mara moja, na ni langu. Mlinzi akitajiwa jina asilolijua, anampeleka mtu kwenye kontena ya kwanza. Ya kwanza niliweka maombi. Wewe sema, kwetu nani anaanza na wimbo kabla ya kuomba? Niliandika vile tunavyofanya kanisani, bila hata kufikiri. Lucia akaongeza zile herufi za www mbele ya jina, kama tulivyofundishwa zamani kwa kila anwani ya mtandao, mlinzi hakumtambua, akamfungulia maombi. Na neno la siri la waombezi nilikuwa nimeliondoa kidogo ili nipime, nikaacha kulirudisha. Sasa nimelirudisha, na asiyejulikana hafunguliwi popote. Nilikuwa tayari kuja kuwapigia magoti waumini wote.

Halafu nikafungua mwenyewe nione walichokiona. Ombi la juu kabisa liliandikwa hivi:

"Niombeeni. Safari ya ng'ambo imekubaliwa, huko mama atatibiwa moyo. Kwenye mahojiano ya safari nilisema mdogo wangu wa Gitega ameolewa na ana familia yake, ili dosiye yetu, zile karatasi za safari, isicheleweshwe kwa kumngoja. Mama anaamini tunakwenda sote. Sina mdomo wa kumwambia."

Jina halikuwepo. Kwani lilihitajika, Kaka? Nilikaa chini palepale kwenye mabati. Kanisa zima lilijua kabla yangu. Yesu wangu! Nimeolewa na nani, Baguma? Mahari mlikula lini, na mbona hamkunibakizia hata soda ya harusi? Nacheka nikiandika, lakini ni kicheko cha mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake.

Nimekupigia tangu Jumapili nizungumze na mama. Mara amelala, mara yuko shambani, mara yuko kwa waombezi. Simu ni yako, basi ufunguo wa mama unao wewe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaelewa kwamba ulitaka ajue akiwa ameshafika kwenye ndege.

Sababu yako naijua. Akijua nabaki, atakataa kwenda. Na daktari alishasema wazi, hapa moyo wake hautafika mbali. Sisemi unanichukia. Ulikuwa na mama mgonjwa mkono mmoja na mimi mkono mwingine, ukaachia mmoja. Mimi pengine ningefanya vilevile, na jambo hilo ndilo linaniuma zaidi. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huwezi kumvusha mama bahari kwa kumdanganya kuhusu mtoto wake.

Barua zangu zote huwa unamsomea mama wewe, na mahali usipopapenda unaparuka. Usikatae, nimekujua tangu utotoni. Ndiyo maana hii sikuituma kwako. Shahzad, mtoto wa mzee Rehmtulla, anayeshusha mizigo huko Muyinga, ataiweka mkononi mwa Lucia. Nimemwomba Lucia akae karibu na mama, wewe ukiwepo, asome yote bila kuruka. Kwa hiyo tulia, Kaka. Usimnyang'anye karatasi.

Lucia, simama hapa kidogo. Mpe mama maji, mshike mkono, kisha uendelee.

Mama, sasa ni mimi na wewe. Ndiyo, umesikia vizuri. Sijaolewa, na kwenye hiyo ndege sitakuwemo. Nakuomba uende. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Nitatafuta njia yangu, na hata nikiikosa, afadhali nikusikie kwenye simu ukiwa hai kuliko nikuzike Muyinga. Lakini ukikataa, basi kataa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kaka usimlaani. Alikuwa anautafutia moyo wako dawa, akapotea njia.

Jumamosi nakuja. Jibu lako usimpe mtu mwingine alilete, niwekee mwenyewe nilisikie. Wasalimie waimbaji, uwaambie mashine imepona. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Ketsia