Mlinzi wa Sahani Yangu

Tandika, Temeke
14 Agosti 1993

Mdogo wangu Tabu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako na nguvu zako, wewe na shemeji yangu na watoto, na ile homa uliyoniandikia iwe imeshakuachia. Huku sie tupo. Wifi yako Raudha anakusalimu sana, mgongo unamsumbua lakini mdomo wake mzima. Mie ndiyo usiulize, nimekuwa kijana.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumwita mtu. Umeniuliza kama kweli nakatwa mguu. Halafu umesema nesi wa huko Lindi na wewe kakwambia upunguze mwili, siku tatu unakula vizuri, ya nne unajikuta jikoni unakomba sufuria. Unataka kujua kaka yako amewezaje. Nitakwambia yote, sie watoto wa mzee Kibwana hatufichani.

Mwezi wa tatu, baada ya Idi, kidole gumba cha mguu wa kulia kilitoka kidonda kikakataa kupona. Raudha akanipeleka hospitali kwa kunisukuma, maana mie hospitali nilikuwaga nakwenda kutazama wagonjwa tu. Daktari mwenyewe kijana, shingo kama ya kuku. Akanipandisha kwenye mizani: kilo mia na kumi na nne. Akasema nina sukari, na mwili usipopungua kilo ishirini kabla ya Maulidi kidole kitakatwa, na kidole kikishakwenda mguu haukawii kufuata. Nikamkamata koti nikamnyanyua mpaka viatu vikaacha sakafu. Walinitoa wanaume watatu, na mmoja wao nilimng'ata mkono mpaka akaita mama yake.

Unanikumbuka bandarini, Tabu. Magunia mawili kwa mpigo, na tumboni ugali wa yanga peke yake, ule unga wa njano wa msaada. Miaka ile ya foleni ya sukari wembamba tulipewa bure. Sasa mambo yameachiwa, maduka yamejaa, soda kila kibanda, mafuta ya kula ya kila rangi, na hapa kona kwetu kuna jamaa anakaanga chips mayai toka saa kumi jioni. Mtu aliyelala na njaa miaka yote ile utamwambiaje leo aache?

Raudha akaanza na dona, mchicha usiotiwa nazi, dagaa wa kuchemsha. Wiki ya kwanza nilitupa sahani ukutani, alama ya mchicha ipo mpaka leo. Wiki ya pili nikaenda kwa yule wa chips. Akanikatalia, eti Raudha amemwonya. Nikalipiga jiko teke, karai likaruka, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Ngozi ilimenyeka kama ya kiazi. Watu wakanivamia kwa mawe, nikawapiga wawili kabla mjumbe hajaja. Usiku ule Raudha alifunga nguo zake kwenye kanga, akasema akiona tena mkono wangu unainuka kwa ajili ya chakula anarudi kwa kaka zake, na huo mguu niuguze mwenyewe.

Hapo ndipo nikatumia akili, na wazo lilikuwa langu, usije ukaambiwa ni la Raudha. Nikajiuliza, ni nani hapa Tandika anayeweza kunipokonya tonge mdomoni nisimpige? Mke ameshindwa, mjumbe namdharau. Ni mtani peke yake. Mtani akikutukana unacheka, akikuchukulia chako unanyamaza, hata awe amekutemea mate. Mzaramo aliyempiga Mnyamwezi wake kwa hasira sijapata kumsikia toka nizaliwe.

Basi nikaenda kwa Adelard, Mnyamwezi wangu. Unamjua, ndiye aliyelala kizingitini siku ya harusi yako akakuzuia usitoke mpaka apewe jogoo, na jogoo alipoletwa akasema huyo jogoo mzuri kuliko bwana harusi. Nikamwambia mbele ya mjumbe kwamba kuanzia leo yeye ndiye mlinzi wa sahani yangu, anipokonye popote, anitukane atakavyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema miaka thelathini amekuwa akinitukana bila mshahara, leo amepata ajira ya kudumu.

Na kazi aliifanya. Alfajiri ananigongea, ananiuliza hiyo mimba ina miezi mingapi na baba yake ni nani. Tunatembea mpaka Mtoni na kurudi, yeye nyuma na kijiti ananiswaga kama ng'ombe wa mnada, watoto wanashangilia. Kwenye harusi anakaa ubavuni kwangu, pilau ikija anaivuta kwake, mie ananiachia kachumbari. Soda yangu anaitemea mate kwanza, halafu ananikaribisha. Nikikasirika anasema piga basi, Mzaramo, uingie kwenye vitabu. Na mie nacheka, Tabu. Miezi miwili nikapungua kilo kumi na moja, kidonda kikaanza kukauka pembeni. Hivyo ndivyo nilivyoweza. Nilikuwa nashikilia kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu anayenicheka, na kesho yake naamka ili nimwonyeshe.

Sasa sikiliza, maana huko Lindi utakuwa umesikia Adelard aliteleza kwenye mafuta ya pilau. Habari hiyo niliieneza mie.

Ilikuwa arobaini ya jirani yetu, mwezi wa sita. Siku tatu nzima nilikuwa sijaota kitu ila nyama. Wanaume walipokuwa kwenye dua nikazunguka nyuma kwa wapishi, nikajipakulia sahani, mafuta matupu na mifupa ya uboho, nikaenda kuchuchumaa nyuma ya uzio wa makuti, nakula kwa mikono miwili. Adelard akanikuta. Akapiga kelele watu wote waje wamwone mja mzito anavyokula kwa kujificha. Wakaja kweli, na wanawake pia. Akanipokonya sahani, akachuchumaa kama nilivyochuchumaa, akala huku anahema nihemavyo. Watu wakalala chini kwa kicheko. Akasema ule mguu ukikatwa atauzika yeye, atauchezea ngoma, na mwenye mguu atakuja kuufuata baada ya wiki.

Hilo ni tusi la kawaida la mtani msibani, nimeshawatukania hao Wanyamwezi mabaya zaidi ya hilo. Lakini mie nikavuta ukuni kutoka jikoni kwa wapishi, nikampiga wa taya. Nikasikia mfupa. Na Adelard, Tabu, alicheka. Damu inamtoka na bado anacheka, akidhani ni utani na mie mkono umenizidi tu. Nikampiga wa pili, hapo akanitazama, akajua. Wa tatu nilimpiga ameshapiga magoti. Meno manne yalibaki mchangani kati ya punje za pilau. Wa nne ungemmaliza, wapishi wakanidaka. Alikuwa anafanya kazi niliyomtuma mwenyewe.

Polisi walipomuuliza aliandika kwenye karatasi kwamba ameteleza. Watani wenzake walitaka kuja kudai faini ya mbuzi, akawakataza. Taya lilifungwa kwa waya wiki sita, anakunywa uji kwa mrija, mashavu yamebonyea. Raudha hakurudi kwa kaka zake, ila tangu siku ile ananiwekea chakula mlangoni na kuondoka. Chakula chenyewe hakipiti. Naweka mdomoni nakumbuka ule mlio, natema. Juzi mizani ilisema kilo tisini na moja. Kidonda kimefunga, yule daktari shingo ya kuku amenipa mkono akasema mguu umepona, amewaita wagonjwa wengine waje wanione.

Waya umetolewa wiki iliyopita. Jana nimekutana na Adelard njiani, nikasimama nisubiri tusi langu. Akashuka pembeni ya njia, akainamisha kichwa, akasema shikamoo, mzee Nassibu. Miaka thelathini hajawahi kunipa shikamoo. Nikamtukana mie kwanza, nikamtukania Tabora yote, akaitikia ndiyo mzee, akaenda zake.

Wewe mwili wako upunguze polepole, kwa mkono wako, usinifuate. Ila nakuomba, na unajua mie siombagi mtu: panda basi uje kabla ya Maulidi. Wewe kwake ni mtani vilevile, na hujamkosea. Nenda mpaka mlangoni kwake umtukane, umtukanie hayo mapengo, useme kwa sauti kwamba ni mie niliyempiga. Akikutukana nawe, nitumie neno. Nitakuwa nje ya uzio wake, nimekaa chini.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Raudha anasema ukija umletee ubani.

Ni mie kaka yako,
Nassibu Kibwana