Neno la Mnunuzi wa Kofia

Katuba, Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Naanza na magoti yako: je, mvua za Kasongo bado zinayauma? Na Baba, kikohozi kimemwachia alale? Huku sote tuzima wa mwili. Moyo wangu ndio mgonjwa, Mama, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unamkumbuka Mwamini, rafiki yangu niliyekuja naye huko, ukamwita mwanangu na kumpa kitenge chako cha Idi. Alikulia Zambia, Kiingereza kwake ni kama bukari, chakula cha kila siku. Mimi sikijui, kwa hiyo wanunuzi wa kofia wanapovuka mpaka pale Kipushi na kufika kwangu, yeye ndiye mdomo wangu.

Baada ya Ramadhani alikuja mzee mmoja wa heshima kutoka Zambia. Nilimfungulia furushi kama ulivyonifundisha, kofia ya mshono wako wa jicho la kanga ikiwa chini kabisa, haitolewi mpaka mgeni ameona nyingine zote. Nilipoitoa, mzee aliisogeza kwenye mwanga. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye vitundu, akasema "intriguing". Akarudia, halafu akarudia tena, akinitazama mimi, si Mwamini.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema iko kintu ya ajabu-ajabu, haimupendezi. Funga tu, dada."

Nikafunga. Kwetu, mkalimani akishasema, nani atamuuliza mgeni mara ya pili? Ni kumvunjia heshima. Wiki ile ile Mwamini akaja kuiazima kofia, eti kaka yake aivae harusini. Nikampa kwa mikono miwili.

Lakini neno lile lilikataa kunitoka. Siku hizi nasoma Kiingereza kwenye darasa la wanawake karibu na soko, maana nimechoka kuwa bubu mbele ya wateja wangu mwenyewe. Nikamuuliza mwalimu.

"Eh, mama! Ile haisemwe juu ya kintu haikupendezi," akasema. "Iko ya kintu inakupatia hamu. Unapita kwa jirani, unasikia harufu ya chakula hauyijue, unasimama. Muntu akikuambia vile, umuonyeshe ingine. Usifunge!"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa tu, kalamu mkononi.

Ijumaa nikaona nje ya msikiti jicho la kanga kwenye vichwa vya wanaume nisiowajua, limeshonwa kwa mashine. Nikamuuliza mmoja alikoitoa kofia yake.

"Kipushi, kwa mama moja anaitwa Mwamini. Banaziuzisha pamoja na mzee moja wa Zambia."

Mama, mshono ule ulinipa siku ya ndoa yangu. Ulisema hautoki nyumbani kwetu mpaka nami nimpe binti yangu siku ya kwake. Sasa Amina nitampa nini, kitu kilichotandikwa sokoni? Nimelia, na hasira haijaisha. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo yenyewe ulimvalisha wewe.

Nilimwendea Mwamini kwake. Alikuwa anasonga bukari, hata mwiko hakuuweka chini.

"Dada, Kingereza iko na maneno mingi. Nilichanganya."

"Na kofia yangu, nayo uliichanganya?"

Aliendelea kusonga.

Nisalimie Baba, na shangazi msuka mikeka, na mjomba Saidi muuza mawese, umwambie dumu lake lilifika salama. Mdogo wangu Hamisi aache uvivu, aniandikie. Mke mwenzio Bibi Tatu—hivyo ndivyo Baba hupenda kumtania jirani yetu—naye mpe salamu zangu, najua atacheka.

Jambo la mwisho. Nilipotoka kwa Mwamini, alinifuata mpaka mlangoni akasema, "Ukiandikia mama, umusalimie." Salamu ni amana, na mimi sili amana ya mtu. Basi Mama, Mwamini anakusalimu.

Usimjibu.

Binti yako,
Zuhura