Visanduku Vitupu kwenye Karatasi ya Almaz

Ibra, Sharqiyah
14 Novemba 2024

Mpendwa Dada Rumaitha,

Shikamoo, dada yangu. Goti vipi? Na ngazi za nyumba ya Malindi, bado unazipanda huku unazilaani? Sisi alhamdulillahi, ila mimi tumbo linanitangulia kila mlango.

Mama sasa hajambo. Wiki iliyopita alitutia hofu, na chanzo ni mimi nduguyo.

Almaz, yule binti wa Kihabeshi anayemuuguza, unamjua. Siku hiyo nabadilisha foronya ya Mama, nikakuta karatasi chini ya mto: maandishi ya kwao yaliyochapwa, safu kwa safu, na katikati visanduku vinne vitupu. Dada, mimi na wewe tumelelewa na bibi mmoja. Karatasi ya visanduku chini ya mto tunaijua! Sikuuliza mtu. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikaificha garini.

Kesho yake Mama kizunguzungu. Siku ya tatu hakuinuka kitandani. Na Almaz anapekua kila pembe, macho mekundu. Nikasema, basi, uchawi umethibiti. Nikamwambia wallahi Ijumaa anarudi kwao. Akalia tu.

Kabla ya Ijumaa nikampelekea picha ya karatasi mwanangu Saud, yule wa kompyuta kule Nizwa. Akanipigia mbio.

"Baba, uchawi gani? Kila herufi duniani ina namba yake kwenye mashine. Inayokosekana kwenye visanduku ni ya Kigurage, lugha ya kina Almaz. Namba ipo, ila mashine ya duka alikochapishia haina umbo la herufi hiyo, ikachapisha kisanduku. Mwenzangu wa kwao kaisoma yote. Ni dawa za Bibi, saa kwa saa!"

Dada, nikaenda mbio garini kuitoa karatasi. Vidonge vyenyewe vyafanana, na bila karatasi Almaz aliogopa kumpa asije akamdhuru. Kusema kaipoteza akaona haya. Mimi ndiye niliyemnyima Mama dawa siku tatu, kisha nikamtafuta mchawi.

Daktari kaishusha presha. Saud kachapisha karatasi mpya, herufi zote zimo. Nikamwomba Almaz radhi mbele ya Mama. Mama akafungua kinywa kama kinda, akanywa dawa mkononi mwa Almaz.

Mimi sijasamehewa. Nikichungulia tu chumbani, Mama anaukumbatia mto: "Almaz, njoo! Mwizi kaja!"

Nisalimie Shemeji Yaqoob na Bi Rahila. Mola akulainishie goti na akuepushe na ndugu wajuaji.

Nduguyo akupendaye,
Marhun