Moshi wa Nyumba ya Mawe

Bibi yangu,

Tangu tukuzike sijapata usingizi wa kueleweka, na si kwa kilio tu. Namwogopa mwanao.

Siku ile Mjomba aliuzima moto wa jikoni kwako kwa mkono wake, akasema nyumba ya mawe haipikiwi mpaka arobaini ipite. Nikamwelewa. Arobaini imepita, hitima tumesoma, naye bado ananiambia, "Subiri kwanza." Nisubiri nini? Kanihamishia kibanda cha nyuma pamoja na vyungu vyako. Kaezua paa eti aezeke upya, nyasi mpya sijaziona. Nilichoona ni koti jipya mwilini mwake, lenye vifungo vya shaba, na yeye kushuka bomani kila mara.

Juzi nikamsikia akimwambia mkalimani wa yule Mdachi mwenye shamba la kahawa: "Lile gofu tu. Halina mwenyewe."

Gofu, Bibi! Mdachi anataka mawe yetu akajengee ghala, na kisicho na mwenyewe serikali hukichukua.

Nililia kwa hasira. Ndipo nikakumbuka uliyokuwa ukinisimulia huku unanisuka. Mama yako aliwabebesha ukoo mzima mawe kutoka mtoni, wakaacha matundu ya bunduki ukutani kwa ajili ya wateka watu. Wewe ulizaliwa humo, wao wakiwa nje, ukazibwa mdomo usilie, wasijue ndani mna kichanga. Chakula kilipokwisha, mama yako akawa anachemsha maji matupu, moshi usikatike, adui adhani ndani kumejaa watu wanaokula. Ulikuwa ukifika hapo unacheka, unanivuta nywele mpaka naumia.

Jana Mdachi alikuja na mkalimani wake na askari, Mjomba mbele akionyesha njia. Mimi nilikuwa nimeshaingia tangu alfajiri, nimeteka maji, nimewasha kuni mbichi. Moshi ukapanda juu ya kuta zisizo na paa, ukatoka na kwenye matundu yote. Nikasimama mlangoni, machozi yakinichuruzika, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Mjomba. Karibuni nyumbani."

Mdachi akamtazama mkalimani. Mkalimani akamtazama Mjomba. Wakaondoka bila kugusa jiwe, ila najua watarudi. Shikamoo yangu Mjomba hajaiitikia mpaka leo.

Pumzika, Bibi. Mimi nalala jikoni kwako, mlango nimeukomea kwa ndani. Nakuahidi moto huu hauzimiki nikiwa hai, hata siku nitakayokuwa sina cha kutia chunguni ila maji.

Mjukuu wako